Kusomea uwekezaji ukiwa Mwanza: ulipie darasa au ukae na kitabu?

Tulikuwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga rafiki yangu aliponipa simu yake nisome. Ni mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha samaki hapa Mwanza, mwaka wa kumi na moja sasa, na kwa jinsi sangara wanavyosumbua kupatikana kuna wiki zamu zinakatwa. Anataka kuhamia kwenye masoko ya mitaji, yaani biashara ya hisa na hatifungani. Kwenye simu kulikuwa na matangazo mawili: moja la darasa la ana kwa ana Dar es Salaam, jingine la video na maswali ya mazoezi, limeandikwa "kufaulu ni uhakika". Akaniuliza, "Kaka, nilipie lipi?"

Nilimrudisha nyuma kidogo, kwa sababu matangazo yote mawili yalikuwa yanauza cheti kana kwamba ni kazi. Hapa kwetu leseni inatolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, kwa sheria ya mwaka 1994. Na leseni ya mwakilishi, yule anayepokea oda ya mteja kwa niaba ya dalali wa hisa, haikai mfukoni mwako peke yako; inakwenda pamoja na kampuni iliyokuajiri. Marekani nako ni hivyo hivyo. Tangu Oktoba 2018 mtu yeyote aliyefikisha miaka 18 anaweza kufanya SIE, mtihani wa kuanzia wa FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa huko, bila mwajiri, maswali 75 kwa saa moja na dakika 45, na matokeo yake yanadumu miaka minne. Lakini ukifaulu bado huruhusiwi kumuuzia mtu hata hisa moja mpaka kampuni ikuchukue na kukusimamia kwenye mitihani inayofuata.

Kwa hiyo fedha ya mafunzo inanunua sifa ya kuitwa kwenye usaili. Ukilijua hilo, bei ya darasa unaitazama kwa jicho jingine.

Mtihani wenyewe ukoje? CMSA imekuwa ikishirikiana na CISI, taasisi ya London, kwenye kozi za vyeti vya sekta hii. Mtihani wa CISI wa kimataifa wa utangulizi wa dhamana na uwekezaji una maswali 50 ya kuchagua jibu, unafanywa kwa kompyuta kwa saa moja, na alama ya kufaulu ni asilimia 70. Yaani maswali 35. Linganisha na ngazi ya kwanza ya CFA, cheti cha kimataifa cha wachambuzi wa uwekezaji: maswali 180, na taasisi yenyewe inashauri usome kama saa 300. Kwa saa mbili kila usiku baada ya zamu, hizo ni siku 150, bila kuugua wala kwenda msibani. Tangazo linaloviweka vyeti hivi viwili kwenye kapu moja na kukupa bei moja, lipite tu.

Kwa maswali 50, mimi niko upande wa kitabu. Hisa ni nini, mfuko wa pamoja unaendeshwaje, dalali anatofautianaje na mshauri: haya mtu mzima aliyezoea kusoma miongozo ya kazi anayaelewa mwenyewe. Tena mkaguzi wa ubora ana faida asiyoijua. Sura za maadili na uzingatiaji wa sheria, ambazo vijana wa biashara huziruka, yeye ameziishi. Amejaza fomu za nyuzijoto miaka yote hii, na amewahi kukataa mzigo wa mtu mkubwa kwa sababu barafu ilikuwa imeyeyuka.

Nina kinyongo changu pia, niseme wazi. Nilipotoka ualimu nilinunua kozi ya video. Nilimaliza somo la sita ndipo nikagundua imeandaliwa kwa toleo la zamani la kitabu. Vitabu hivi huwa vimeandikwa vinahusu mitihani ya kuanzia tarehe gani hadi gani. Mwenye kozi aliendelea kuuza video zilezile. Kurudishiwa fedha? Meseji yangu bado ina tiki mbili za bluu.

Lakini darasa nisilidharau, kwa sababu kuna mahali kitabu kiliniacha njiani: hatifungani, yaani karatasi ya deni unayonunua kwa kuikopesha serikali au kampuni ili ikulipe riba. Kitabu ni cha Kiingereza, na sentensi inayosema bei ikipanda mavuno (faida ya mwaka kwa fedha uliyotoa) yanashuka niliisoma kama wimbo bila kuielewa. Nilieleweshwa kwa Kiswahili, na mtu aliyechukua karatasi. Aprili 2021 serikali ilitoa hatifungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95. Mwaka uliofuata riba ya hatifungani mpya za muda huo ikashushwa hadi 12.56. Sasa wewe mwenye ile ya zamani, uliyoinunua kwa 100, utamuuzia mtu kwa 100 ileile? Huuzi. Tuseme anakupa 115: ataendelea kupokea 15.95 kwa mwaka, lakini kwa fedha aliyotoa hiyo ni asilimia 13.87. Rafiki yangu nilimweleza kwa minofu. Kiwanda chenye mkataba wa zamani wa kuuza minofu kwa bei nzuri, soko likishuka, mkataba wenyewe unakuwa mali. Alielewa kabla kivuko hakijatia nanga.

Mkufunzi mzuri anakupa dakika kumi za namna hiyo, mara nne au tano katika kozi nzima. Shida ni kwamba unalipia na saa zilizobaki, na kwa mtu wa Mwanza unalipia pia barabara ya zaidi ya kilomita 1,000, gesti, chakula, na likizo uliyopaswa kuitunza. Ila huko Dar ndiko waliko madalali karibu wote, na mtu uliyekaa naye benchi moja anaweza kukunong'oneza kwamba ofisini kwao wanatafuta mtu. Kitabu hakinong'oni. Kwa asiye na jamaa hata mmoja kwenye sekta hii, pengine hiyo ndiyo hoja pekee ya kweli ya kupanda basi.

Na kuna wale ambao bila mtu wa kuwauliza "umefika sura ya ngapi?" hawafiki. Hao wanajijua.

Ushauri niliompa ulikuwa huu: anunue kitabu cha toleo la sasa, ajipime kwa maswali ya mazoezi, na sura inayomshinda atafute mtu wa kumlipa kwa saa. Mwanza hatukosi. Kuna chuo cha Benki Kuu pale Capri Point, kuna SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kule Nyegezi. Wahadhiri wa fedha tunapanda nao daladala. Nauli ya Dar aiweke akiba mpaka siku ya usaili. Tangazo la "kufaulu ni uhakika" nilimwambia alifute.

Hakulifuta. Alisema mke wake ndiye alimtumia, na kwamba yule anayetangaza ni binamu wa shemeji yake, kwa hiyo atalipa nusu bei. Nikamwambia kwanza aombe picha ya ukurasa wa mbele wa kitabu wanachotumia, aone tarehe.