Mipira ya matone katika bustani za kilimo hai Unguja na Pemba: akiba ya maji ihesabiwe vipi?

Mkulima wa mboga anayetaka kuendelea kuzalisha wakati wa kiangazi, Unguja au Pemba, hushauriwa kutandika mipira ya matone, yaani mabomba membamba yenye matundu yanayodondosha maji penye mizizi, kwa sababu inaokoa maji. Ushauri huo una msingi, lakini kwa mkulima wa kilimo hai anayelima juu ya mawe ya matumbawe, akiba hiyo inahitaji kuhesabiwa kwa uangalifu zaidi.

Bustani ya mita za mraba 500 yenye tungule na mabilingani, ikihitaji maji ya kina cha milimita 5 kwa siku ya jua kali, hutaka lita 2,500. Kwa makadirio ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, umwagiliaji wa mifereji huifikishia mizizi asilimia 60 ya maji na matone asilimia 90, kwa hiyo mkulima wa mifereji atavuta takriban lita 4,170 na wa matone lita 2,780. Tofauti ni kama ndoo 70 za lita 20 kila siku, na aliyewahi kuteka maji kisimani hawezi kuidharau. Tena, tofauti na kumwagia maji juu ya mimea, majani hubaki makavu na ukungu hupungua, faida kubwa kwa mkulima asiyetumia dawa za viwandani.

Lakini yale maji ya mifereji yaliyopotea yamekwenda wapi? Yaliyopanda hewani yamepotea kweli, ila sehemu kubwa ya yale yaliyozama chini ya mizizi, katika nchi ya mawe ya chokaa, hurejea katika hazina ileile ya ardhini tunayoichota sote. Kwa hiyo akiba ya kisiwa ni ndogo kuliko akiba ya pampu. Hapa watetezi wa matone wana jibu zuri, nami nalikubali: maji yanayozama huteremka na naitrati ya samadi, kemikali inayochafua maji, kuelekea visima vya kunywa.

Hatari ninayoiona kubwa zaidi ni mkulima mwenye pampu ya jua, ambaye maji hayamgharimu mafuta, kuyatumia aliyookoa kuongeza matuta. Maji baridi ya visiwa hivi yanaelea juu ya maji ya bahari; kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hulingana na takriban mita 40 chini yake. Kinachoonekana kama kushuka kidogo kwa usawa wa maji kisimani ni kupanda kukubwa kwa maji ya chumvi chini yake, hasa karibu na pwani.

Kisha kuna udongo wenyewe. Samadi na mboji hulisha mmea baada ya kuvunjwa na viumbe wadogo wanaohitaji unyevu, hivyo samadi iliyomwagwa sehemu inayobaki kavu kati ya mistari haimfai mkulima kwa msimu huo. Iwekwe pale tone linapoanguka. Kwenye kichanga tone huzama wima na matundu yanapaswa kukaribiana, ilhali kwenye kinamo maji husambaa pembeni. Maji yenye chokaa huziba matundu, na mbolea ya maji isiyochujwa vizuri huyaziba haraka zaidi. Siki husaidia kuyasafisha, ila kazi hiyo haina mwisho, na mipira myembamba hugeuka taka za plastiki baada ya misimu michache.

Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye mboji na matandazo ya nyasi, makumbi au majani ya migomba, kwa kuwa hayo hupunguza ule mvuke ambao ndio hasara halisi, na mkulima huyapata jirani. Mipira ifuate, ikianzia kwa wanaoteka kwa mikono. Na kila msaada wa pampu uambatane na mita ya maji na kipimo cha chumvi, kisima kikipimwa mwishoni mwa kiangazi, kabla masika hayajakiongezea maji mapya.