Ukishabofya Tuma, unapelekwa wapi?

Kuna tovuti ambazo ukimaliza kujaza fomu na kubofya Tuma, zinakurudisha ukurasa wa mwanzo. Picha zilezile, menyu ileile, na hakuna hata neno moja kuhusu ulichotuma. Unabaki kujiuliza: imeenda au haijaenda? Wengi hurudi wakajaza upya, halafu mwenye tovuti analalamika kwamba watu wanatuma ombi moja mara mbilimbili.

Msimamo wangu ni kwamba mtu akishatuma fomu ahamishiwe ukurasa mwingine papo hapo, na ukurasa huo uwe na kazi moja: kumwonyesha kilichopokelewa. Ni stakabadhi yake. Kumhamisha na kumtupa popote ni kazi nusu.

Wapo wanaouliza kwa nini ahamishwe kabisa, wakati seva (kompyuta inayoendesha tovuti) ingeweza kumwandikia "Asante" hapohapo. Shida ni kwamba ukurasa huo wa asante utakuwa ni jibu la POST, yaani ombi ambalo kivinjari hutumia kupeleka data ya fomu. Akiupakia upya, kivinjari hakina cha kufanya ila kurudia POST yote, ndiyo maana hutoa lile onyo la kuuliza kama kweli unataka kutuma fomu tena. Nani huwa anasoma lile onyo? Watu hubonyeza ndiyo ili liondoke, na hapo oda ya pili imeshaingia. Kwenye simu ndiyo balaa, maana kivinjari kilichokaa chinichini muda mrefu kikifunguliwa huenda kikataka kupakia ukurasa upya, na mtu anakutana na onyo bila kugusa chochote.

Dawa yake ni ya zamani na watengenezaji wa tovuti wanaijua kwa jina la Post/Redirect/Get. Seva inapokea fomu, inahifadhi data, kisha badala ya kutoa ukurasa inajibu kwa msimbo wa 303 (namba ya kukiambia kivinjari kihamie kwingine) pamoja na heda, yaani maelezo yanayotangulia ukurasa, iitwayo Location yenye anwani mpya. Kivinjari kinaiomba anwani hiyo kwa GET, ombi la kuchukua ukurasa tu. Kuanzia hapo mtu apakie upya anavyotaka, hakuna kinachotumwa tena. Kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za tovuti, ni mstari mmoja na neno moja:

header('Location: /ombi/k7x2m9q4', true, 303);
exit;

Hiyo exit usiiache, maana bila hiyo sehemu ya programu iliyobaki chini inaendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Na ukiona PHP inalalamika kwamba heda zimeshatumwa, kabla ya kutafuta mchawi angalia juu kabisa ya faili: mara nyingi ni nafasi tupu au mstari mtupu uliotangulia alama ya kufungua PHP.

Kwa nini 303 na si 302, msimbo wa kuhamisha uliozoeleka? RFC 1945 ya mwaka 1996, hati iliyoeleza HTTP/1.0 (kanuni za mawasiliano ya kivinjari na seva), tayari ililalamika kwamba baadhi ya vivinjari vikipata 302 baada ya POST vinageuza ombi kuwa GET, jambo ambalo halikukusudiwa. Tabia hiyo ikashindikana kung'oka. HTTP/1.1 ya mwaka 1997 ikaleta 303 inayosema wazi kwamba nenda ukachukue ukurasa ule kwa GET, na mwaka 1999 ikaongezwa 307 inayosema kinyume chake, yaani rudia ombi lilelile kama lilivyo. Ukiweka 307 baada ya fomu, data yote inatumwa tena kwenye anwani mpya. 302 itafanya kazi, sikatai, lakini kama upo msimbo unaosema hasa unachotaka, sioni sababu ya kutegemea mazoea ya vivinjari.

Kinachonikera zaidi ni kurasa za "utahamishwa baada ya sekunde 5". Mtu yuko katikati ya kunakili namba ya ombi lake, ukurasa unapotea. Anayesoma polepole, au anayesomewa skrini na programu, ndiye anaumia kabisa. Miongozo ya WCAG ya kufanya tovuti zitumike na watu wote, wakiwemo wenye ulemavu, kigezo cha 2.2.1, inataka mtumiaji aweze kuzima, kurekebisha au kurefusha muda wa namna hiyo. Mimi nasema uondoe tu hiyo saa. Weka kiungo cha kuendelea, ataondoka akiwa tayari.

Anwani ya ukurasa wa stakabadhi nayo ichungwe. Jina na namba ya simu ya mtu havikai kwenye anwani, maana vitabaki kwenye historia ya kivinjari na kwenye kumbukumbu za seva. Namba za mfululizo ni mtego mwingine: anayeona 4821 atajaribu 4822 asome ombi la mwenzake, kama seva haihakiki ni la nani.

Halafu kuna zile tovuti zinazosoma mahali pa kumpeleka mtu kutoka kwenye anwani yenyewe, kwa mfano baada ya kuingia kwenye akaunti. Tapeli anatengeneza kiungo chenye jina la tovuti yako, ila mahali pa kumpeleka mtu ameandika tovuti yake, mtu anaingia kwa amani, kisha anatupwa kwenye tovuti ya wizi. Kuhakiki kwamba anwani inaanza na mkwaju (/) hakutoshi, kwa sababu // ikifuatwa na jina la tovuti nyingine nayo inaanza na mkwaju, na kivinjari kitaifuata huko nje. Salama zaidi ni kuwa na orodha ya kurasa unazoziruhusu.

Kuhamisha hakumzuii aliyebofya Tuma mara mbili kwa haraka, maana maombi yote mawili yameshaondoka kabla jibu halijarudi. Hapo fomu iwe na tokeni, yaani namba ya kipekee iliyofichwa ndani yake, ya kutumika mara moja, na seva ikatae ya pili.

Na fomu ikiwa na kosa, usimhamishe mtu popote. Mrudishie fomu ileile, kwa msimbo wa 422 (unaosema data haikukubalika) ukipenda, kosa limeandikwa kando ya kisanduku husika na vyote alivyojaza vikiwa mahali pake. Nenosiri tu ndilo aliandike upya.