Berlin inaboa kweli au tunaionea?

Kila sare ikitokea kwenye Berlin, ule ufunguzi wa sataranji anaouchagua nyeusi, utasikia watu wanasema unaua mchezo. Mi naona tunauonea, japo wanaolalamika nao wana hoja.

Chukua gemu ya kwanza ya Kasparov na Kramnik, mechi ya ubingwa wa dunia, London 2000. Kasparov ana nyeupe, anaanza na askari kwenye e4 (herufi ni safu, namba ni mstari wa ubao), anajibiwa e5, farasi wanatoka, askofu anaenda b5, na Kramnik anatoa farasi f6, hiyo ndo Berlin yenyewe. Hatua ya nane tu malkia wote wameshaliwa na mfalme wa nyeusi yuko d8, hawezi tena kubadilishana nafasi na ngome ili ajifiche pembeni. Hatua ya 25 wakapeana mikono. Ukiangalia juu juu unasema hamna kitu hapo.

Sasa kaa nayo kidogo. Nyeupe ana askari wanne kwa watatu upande wa mfalme, nyeusi ana wengi upande wa pili ila wawili wamepangana safu ya c, yaani ni kazi kweli kupata askari wa kupita, asiye na askari wa adui wa kumzuia mbele, kwa hiyo vipande vyote vikiisha wakabaki askari na wafalme nyeupe mara nyingi anashinda. Nyeusi anategemea maaskofu wake wawili na subira. Kila mkila kipande kwa kipande ni uamuzi mzito, hamna cha kupumzika! Kasparov aliijaribu mara nne kwenye ile mechi, zote sare, na taji likaenda kwa Kramnik 8.5 kwa 6.5 bila kupoteza hata gemu moja. Ila 2014 kule Sochi, mechi nyingine ya ubingwa wa dunia, gemu ya 11, Carlsen alimshinda Anand kwenye mwisho huohuo usio na malkia. Kwa hiyo damu ipo, na mwenye nyeupe anayeogopa mwisho huo anaweza kusogeza askari d3 hatua ya nne, malkia wanabaki.

Kinachonikera mimi ni ile njia nyingine, nyeupe anakula askari wa e5 hatua ya sita, halafu malkia wanafukuzana d4 na e4, d6 na e6, mpaka nafasi inajirudia mara tatu basi kwisha, kama hatua 14 hivi na hakuna aliyefikiri chochote. Hapo mtazamaji ana haki ya kukasirika kabisa. Na kanuni ya Sofia iliyoanza 2005 haisaidii hapo, inakataza wachezaji kukubaliana sare kwa mdomo tu, kurudia nafasi bado ruksa.