Kufungwa Ukiwa na Mchezaji wa Ziada: Je, Mfumo Ndio wa Kulaumiwa?

Katika hoki ya barafuni, mchezaji aliyefanya kosa dogo hutolewa nje kwa dakika 2, na timu yake hubaki na wachezaji wanne mbele ya kipa, huku wapinzani wakiwa watano. Hao watano ndio wanaotarajiwa kufunga, lakini mara nyingine hufungwa wao. Katika hoki ya vyuo vikuu vya Marekani bao la aina hiyo huuma sana, kwa sababu mechi za msimu wa kawaida ni chache, na mashindano ya taifa ya wanaume ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu, ambayo huchukua timu 16 tu, ni ya mtoano: ukipoteza mechi moja umeaga.

Wakosoaji huulaumu mtindo wa kupanga washambuliaji wanne na beki mmoja, na hoja yao ina uzito. Mtazame beki huyo akiwa juu kabisa, kwenye mstari wa buluu unaoonyesha mwanzo wa eneo la kushambulia: ameinama, uzito wote ameutupa mbele ili apige shuti, kisha kile kisahani kigumu kinachochezwa badala ya mpira kinagonga ugoko wa mpinzani na kumpita beki pembeni. Mpinzani tayari anaelekea lango la pili, wakati beki bado anahangaika kugeuka, na nyuma yake hakuna mwenzake aliyezoea kukaba.

Hata hivyo, washambuliaji wanne hupangwa kwa sababu hupasiana vizuri na huona nafasi finyu mapema. Isitoshe, bao la timu pungufu haliifutii adhabu yake, kwa hiyo waliofungwa huendelea kuwa watano hadi muda uishe, na wanaweza kusawazisha papo hapo. Tatizo ni kwamba asilimia ya mafanikio ya kucheza na mtu wa ziada, inayotajwa kila wiki, huhesabu mabao ya kufunga peke yake. Tuseme timu moja imefunga mabao 23 katika nafasi 100 za aina hiyo na kufungwa 6, na nyingine imefunga 20 na kufungwa 1. Ya kwanza itasifiwa, ilhali faida yake halisi ni mabao 17 dhidi ya 19 ya mwenzake.

Mimi naona hesabu hiyo haitoshi kuufukuza mfumo wenyewe. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni uchovu. Makocha wengi huwaacha nyota wao barafuni kwa dakika nzima na zaidi, wakitumaini pasi moja zaidi, na kisahani kikipotea wakati huo miguu haina tena nguvu ya kurudi nyuma. Timu inayoongoza kwa bao 1 katika kipindi cha tatu ina kila sababu ya kuingiza beki wa pili. Kwa muda mwingine wote ningewabakiza washambuliaji wanne, ila ningewatoa mapema, hata kama kisahani bado kiko kwenye fimbo zao.