Feni kwenye betri ya Leaf: nani anaihitaji Dodoma?

Jirani yangu hapa Ilazo ana Nissan Leaf, gari la umeme, iliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Juzi fundi alimshauri aifungie betri feni: ashushe betri kutoka chini ya sakafu, atoboe kasha lake mara mbili, tundu moja liingize hewa ya kiyoyozi na jingine litoe hewa ya moto. Akanifuata: "Kaka, nikubali?"

Fundi ana hoja. Katika vizazi viwili vya kwanza vya Leaf, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2010, betri haina maji ya kupozea wala feni. Joto hutoka lenyewe kupitia kasha. Mwaka 2012 wenye Leaf huko Arizona, Marekani, walilalamika kwamba betri zao zinachoka mapema, na baadaye Nissan wakaleta seli (vibetri vidogo vinavyounda betri nzima) zinazostahimili joto zaidi. Gari lao la mizigo, e-NV200, wao wenyewe waliliwekea njia ya kupitisha hewa baridi ndani ya betri. Joto huzeesha seli za lithiamu, hilo halina ubishi.

Ila Dodoma si Arizona. Kule Phoenix, mji mkuu wake, kiangazi hupita nyuzi 40 siku nyingi, na usiku nao hauna nafuu. Sisi tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari; hata Oktoba na Novemba, jua likishazama upepo hupoza. Betri ya Leaf ina uzito wa karibu kilo 300, kwa hiyo hupata joto polepole na hupoa polepole. Usiku mrefu wa baridi ndio unaoifaa.

Tulijaribu. Tulichomeka chini ya usukani kile kifaa cha Bluetooth kinachosoma betri, gari likiwa limetoka Mtumba kazini. Jioni betri ilisoma nyuzi 36. Tukaliacha chini ya mwarobaini bila kulichaji, na alfajiri ilisoma 28. Kumbe kinachomuumiza ni mazoea yake: mchana kutwa gari liko juani kwenye changarawe, akifika nyumbani tu anachomeka chaji betri ikiwa bado ya moto, na anaijaza hadi asilimia 100.

Kinachonitisha zaidi ni hayo matundu. Kasha lile limezibwa kwa makusudi. Ndani yake kuna umeme wa volti zaidi ya 350, na vumbi letu jekundu hupenya hata kwenye kabati lililofungwa. Hewa ya kiyoyozi nayo inaweza kuacha umande kwenye viungo vya shaba. Halafu feni ya kubuni hupoza seli zilizo karibu na tundu, za mbali zikabaki na joto lao. Seli zikizeeka kwa kupishana, ile dhaifu ndiyo itakayoamua gari lifike wapi, hata kama nyingine zote ni nzima.

Hata hivyo, simwambii kila mtu aachane na feni. Anayekwenda Dar mara kwa mara, kilomita kama 450, atachaji njiani zaidi ya mara moja, na kila chaji inaongeza joto juu ya joto. Akishateremka Morogoro hewa yenyewe ni ya moto. Mwenye teksi anayechaji mara mbili kwa siku yuko hivyo hivyo, betri yake haipati usiku wa kupumzika. Kwa hao ningekubali, ilimradi hewa izunguke humo humo ndani bila kuvuta ya barabarani, vipima joto viwekwe mbele na nyuma, na kazi afanye fundi anayeanza kwa kuchomoa plagi ya usalama ya betri, ile inayokata umeme wake. Asiyejua plagi hiyo iko wapi asiguse.

Jirani nilimshauri aandike joto la jioni na la alfajiri kwa wiki mbili, achaji usiku wa manane na aishie asilimia 80. Pesa ya feni ameshanunulia mabati ya kibanda cha gari. Fundi hakukasirika, ameomba tukapime betri ya shemeji yake mwenye teksi, na Jumamosi tunakwenda.