Unga wa Kwaresima na Urafiki wa Kanisani Malindi

Kila Kwaresima inapokaribia, makanisa ya Malindi, mji wetu wa pwani ya Kenya, hurudia ubishi ule ule. Je, matoleo yanunue unga, mafuta na sukari vigawiwe walioandikwa kwenye orodha, au kanisa lioanishe familia zenye uwezo na zile za hali ya chini, zitembeleane mwaka mzima hadi zizoeane? Wanaotaka hilo la pili huambiwa wanaota. Mtu ana njaa, nawe unampelekea urafiki?

Swali hilo si la kubezwa. Umaskini wa huku una mizizi isiyong'olewa na chai ya jioni. Sheria ya hatimiliki za ardhi ya mwaka 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi, wenyeji wa pwani hii, wakiitwa maskwota kwenye mashamba waliyolima wazee wao, na hakuna rafiki atakayemtolea mtu hati. Tena fedha taslimu ina heshima yake: mzee wa miaka 70 anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee na wasiojiweza, halazimiki kumchekea mtu ili azipate. Rafiki tajiri aweza kugeuka bwana, na mama wa Maweni, mtaa wa watu wa hali ya chini, akawa wa kupigiwa picha tu. Mji huu uliozoea wafadhili umeyaona hayo mno. Isitoshe, majirani zetu wengi ni Waislamu, na mpango unaoanzia kwenye misa hauwafikii.

Nayakubali yote hayo. Ila wanaoyasema huuchukulia urafiki kama pambo, jambo la kufikiriwa watu wakishashiba, na hapo ndipo tunapoachana.

Mwaka 2022, Raj Chetty wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti wa urafiki bilioni 21 wa Facebook nchini Marekani. Walikadiria kwamba watoto wa familia maskini wangekulia mahali ambapo wana marafiki wenye uwezo kwa kiwango walicho nacho watoto wa matajiri, mapato yao ya ukubwani yangepanda kwa wastani wa asilimia 20. Nimeizungukia takwimu hii nikiitafutia kasoro, na zipo. Marekani si Kilifi, kaunti yetu. Urafiki wa mtandaoni huenda usifike kukopeshana chumvi. Na mambo mawili yakiandamana, haimaanishi kwamba moja limezaa jingine. Hata hivyo, utafiti huo huo una jambo ambalo kila padri na mchungaji angefaa alijue: kati ya mahali watu wanapokutana, kama shuleni, kazini na mtaani, ni kwenye vikundi vya dini ambako maskini na mwenye uwezo wakishakutana huelekea zaidi kuwa marafiki. Shida ya makanisa ilikuja kabla ya hapo: tajiri alisali kwake na maskini kwake.

Aijuaye Malindi hatashangaa. Kazi nyingi za hoteli hapa hazifiki gazetini. Msimu ukikaribia, meneja anamwambia mhasibu, mhasibu anamwambia shemejiye, na kufikia jioni nafasi imekwenda. Kijana wa Muyeye mwenye cheti cha upishi anaacha barua yake getini kwa askari na kurudi nyumbani. Cheti anacho, hana mtu. Na huyo mtu hapatikani ndani ya mfuko wa unga.

Namjua mama anayeuza viazi karai, aliyeoanishwa na familia ya mhasibu wa hoteli. Ziara ya kwanza mhasibu na mkewe walifika kwake na mfuko wa vyakula, wakaketi mkekani bila la kusema. Ya pili akaenda yeye, na kikapu cha maembe ngowe. Mke wa mhasibu akafungua pochi ayalipie. Mama alikasirika, wala hakuficha: "Mwanangu, mgeni haji mikono mitupu. Na mimi leo ni mgeni wako." Maembe yakaliwa. Ziara iliyofuata, mhasibu alikaa na kijana wa yule mama wakajaza fomu ya basari, kisha akampigia simu mpishi mkuu wa hoteli yake. Machi 2020, Korona ilipofunga hoteli na mhasibu kurudishwa nyumbani bila mshahara, aliyebisha hodi na pishi mbili za mahindi alikuwa mama wa viazi karai. Orodha ya unga haina safu ya kuandika tendo hilo.

Wakatoliki wana jumuiya ndogo ndogo tangu miaka ya 1970, na zimefanya kazi kubwa. Lakini zimepangwa kimtaa: wa Casuarina, mtaa wa wenye uwezo, husali na wa Casuarina, wa Maweni na wa Maweni. Mgawanyo wa mji umeingia kwenye rozari. Jumuiya mbili za mitaa isiyofanana zingeweza kusali pamoja mara moja kwa mwezi, kwa zamu, nyumba hii na ile.

Unga nao uendelee, maana njaa haingoji watu wazoeane. Ila ugawiwe na kamati ya parokia, asiubebe yule anayekwenda kutembea kwa rafiki yake. Na nauli ya tuktuk ya familia isiyo na kitu itoke kwenye matoleo, kwa sababu ziara ya kwanza ingefaa iwe ya kutoka Maweni kwenda Casuarina.