Nilifuta Hesabu za Chama cha Mama

Kabla hujasikiliza ile sauti ambayo jamaa yangu wa Nyalenda ameirusha kila grupu, nisikize mimi kwanza. Yeye alifika mwishoni. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, na jasho lilikuwa langu.

Laptopu yangu ilishakufa, kwa hiyo natumia ya Mama. Humo ndimo ilimo Excel ya chama chao, wamama wanaouza nguo soko la Kibuye, hapa Kisumu: michango tangu 2017, mikopo, faini za kuchelewa, kila shilingi. Karani ni mimi. Sasa nikataka kujifunza Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, bila kugusa Windows ya Mama, ndipo nikaweka VirtualBox. Kompyuta ndani ya kompyuta. Ukiharibu, umeharibu ile ya ndani. Salama kabisa. (Haya, chekeni.)

Asubuhi yote ya Jumapili iliishia kwa VT-x. Hiyo ni swichi ya prosesa inayoiwezesha kubeba kompyuta ya ndani. Mashine ya ndani ilikataa kuwaka, ikidai VT-x imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya laptopu inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Nikazima laptopu, nikawasha huku nabonyeza F10 kama mtu anayegonga mlango wa mdeni, nikaingia, nikaiwezesha. Hapo nikajiona fundi. Tatizo dirisha lilikuwa dogo kama la kibanda cha M-Pesa, nikachagua skrini nzima. Kikatokea kiboksi chenye maneno mengi. Mimi na maneno mengi hatupatani. Nikaweka tiki kisinisumbue tena, nikabofya. Kikumbukeni hicho kiboksi.

Ubuntu, ndiyo Linux niliyoichagua, ikauliza: nifute diski nzima nijisakinishe? Futa! Nikaenda zangu kula omena.

Kurudi nakuta skrini nyeusi na amri moja: toa kifaa ulichosakinishia, kisha bonyeza Enter. Kifaa gani? Sikuchomeka flashi yoyote. Nikapapasa laptopu kushoto, kulia, nikaigeuza hata chini. Kitu pekee kilichochomekwa kilikuwa kile kidude cha USB cha kipanya kisicho na waya. Nikakichomoa. Enter. Ikakubali! Sasa wewe ungekuwa mimi, ungeamini nini?

Hapa msome polepole, maana kwangu muda ulisimama. Picha ya Mama amevaa kitenge cha harusi ya dada: haipo. Nikafungua Documents. Tupu. Nikafunga, nikafungua tena, labda mafaili yalikuwa yanaona haya. Tupu. Nikatazama ukubwa wa diski: GB 25. Laptopu ya Mama ina 500. Mwenye akili angejiuliza hizo nyingine ziko wapi. Mimi nikakata shauri kwamba nimefuta hadi ukubwa wa diski.

Nikakumbuka niliwahi kusikia kwamba data ikifutika usiguse chochote, usije ukaandika juu yake. Nikainua mikono yote miwili, nikaiacha hewani juu ya kibodi, kama mtu aliyesimamishwa na polisi. Hata kuzima niliogopa. Ng'ombe wa jirani akalia nje, nikahisi ananizungumzia. Mkono mmoja ukashuka taratibu kutafuta simu.

"Mama, Excel imeenda."

"Imeenda wapi?"

Swali zuri.

"Imefutika. Yote."

Kimya. Nikamsikia mteja akiuliza bei ya suruali, asijibiwe. Akauliza tena, asijibiwe. Mnaomjua Mama mnajua hilo ni tanga.

"Nyathina," akasema kwa sauti ya chini, "mimi nitawaambia nini wale wamama?"

Kumbe alikuwa ameshaanza kuwaambia, grupuni.

Jamaa akaja na boda mbio. Hakunisalimia. Akatazama skrini, akanitazama, akauliza kwa nini nimeinua mikono. Nikamweleza. Akanyoosha vidole viwili, akabonyeza Ctrl ya kulia pamoja na F.

Windows. Mama na kitenge chake. Excel palepale. Ubuntu imenywea ndani ya kidirisha chake, imetulia kabisa kama haijui lolote.

"Omera," akasema, "kile kiboksi si kilikuambia kutoka skrini nzima ni hivi?"

Mengine mmeshasikia kwenye sauti yake. Ndiyo, alikaa sakafuni akacheka. Ndiyo, alimwita wa boda aje aone. Kwamba nililia, hapo ametia chumvi, lilikuwa jasho.

Mama akaandika grupuni kwamba hesabu zimepatikana. Lakini ndani ya zile dakika ishirini, wamama watatu walikuwa wameshakumbuka kwamba mikopo yao walimaliza kulipa zamani, na wa nne akadai chama ndicho kina deni lake. Nimeamriwa nichapishe kurasa zote, na Jumapili ijayo niende Kibuye nikazisome mbele yao, nikiwa nimesimama.

Kile kidude cha kipanya nilikitia kwenye mfuko wa shati. Shati nimelikuta kwenye kamba, linachuruzika maji.